Sura ya Saba

Nyafwono huniletea sura zake Ijumaa,
kaziandika kwa wino wa kijani
katika daftari la hesabu la mwanawe,
nami nazipiga chapa, shilingi elfu moja kwa ukurasa,
kibandani kwangu, karibu na stendi ya Tororo:
meza moja, kompyuta moja, na mashine ya kunakili
inayokohoa kila vumbi la saruji likiingia.

Ni riwaya ya mapenzi. Wasomaji wake ni wauza nyanya,
wauguzi wa zamu ya usiku, wasichana wa saluni
wanaoisoma huku wakisuka, ukurasa umebanwa kwa chanuo.
"Watabusiana lini?" huniuliza mimi,
utadhani ndimi niliyemuumba yule kijana.

Na kijana mwenyewe, nikiri, anapendeza.
Sauti ya chini, viatu visivyojua matope,
humwita msichana "mke wangu" kabla ya mahari.
Nilipopiga sura ya tatu nilicheka peke yangu,
maana Magumba wangu naye huniita hivyo hivyo,
na asubuhi ile alikuwa amenipa habari:
kazi ya hoteli, ng'ambo, dola mia sita kwa mwezi.
"Tangulia, Awor. Nitakufuata mwezi wa pili."

Sura ya tano: tiketi imelipwa.
Sura ya sita: usimwambie mama, ndugu wana kijicho.
Nyafwono alikuwa ameandika "kijiko".
Ndugu wana kijiko. Nikasahihisha,
nikacheka tena, ila kidogo.

Umeme ukakatika katikati ya sura ya saba.
Nikamulika daftari kwa simu.
Aya ya nne, kijana anamshika msichana kidevu:
"Nipe pasipoti nikutunzie.
Wewe, mpenzi, huwa unapoteza vitu."

Huwa unapoteza vitu.

Funguo za kibanda, ni kweli, nilizipoteza Agosti.
Na Jumanne, chapati ya mayai ikipoa kati yetu,
Magumba alinishika kidevu.
Maneno yale yale. Hata "mpenzi" lilikaa pale pale,
kama sukari iliyopakwa kidonge.

Nyafwono alipokuja nilimuuliza: haya umeyatoa wapi?
Alivuta mkono wa sweta hadi kwenye vidole.
"Niliambiwa," akasema. "Na si mimi tu.
Chumbani kule tulilala kumi na wawili.
Usiku mmoja tukalinganisha tulivyotongozwa.
Awor, ilikuwa kama karatasi za mashine yako hiyo.
Jina tu ndilo lilibadilika."

Nikataka kujua kwa nini haandiki onyo, waziwazi.
"Onyo lipo. Limebandikwa ukutani kituo cha polisi,
juu yake tangazo la mbuzi aliyepotea.
Mbuzi ndiye wanayemsoma.
Lakini mapenzi watayasoma mpaka karatasi ichanike mkunjoni."

Nilimpigia Magumba. Nilidanganya, sikuwa hodari:
eti naitaka pasipoti niinakili, niirudishe jioni.
Kimya. Kisha, kwa sauti nisiyoifahamu,
nyembamba, haina besi:
"Kwani huniamini?"

Nikafunua sura ya nane. Ilianza hivyo.

Sijaipiga bado. Daftari liko chini ya kibodi.
Magumba kasema atakuja saa kumi.
Nyafwono kaketi kwenye benchi, anajifanya mteja,
na yule mama wa gomesi ya zambarau pale kwenye mashine,
anayenakili cheti kile kile kwa mara ya sita,
kituoni humwita Afande.

Saa kumi kasoro dakika tano.
Pikipiki inazimwa nje.
Naona viatu kwanza, chini ya pazia, safi kabisa,
na moyo wangu, mjinga huyu,
bado unajipangusa vumbi.